Pembe ya Haambiliki

“Nipe pembe yako, mama,” Haidar alisema. Maneno manne tu. Laiti angeongeza la tano, akasema pembe ya nini, mengi yaliyofuata yasingefuata.

Bi Mashavu alikuwa ameketi kitandani, bakora imelala mapajani. Alikuwa na miaka sabini na miwili, magoti yameshamsusia, na kutoka chumbani hadi jikoni katika fleti yao ya Al-Safa, Jeddah, hakupiga hatua bila ya bakora ile. Fimbo yake ilishabadilishwa mara tatu. Kichwa chake, ile pembe, ndicho kilekile kilichokuja mkononi mwa baba yake mwaka sitini na nne, yeye akiwa kigoli wa miaka kumi na miwili. Kilikuwa kimepinda kidogo, kimevishwa pete ya fedha shingoni na kofia ya fedha nchani, na kwa jasho la viganja vya watu wawili rangi yake ilikuwa imeiva ikawa kama samli.

“Unaitakia nini?”

“Kazi. Nishakwambia. Ya yule mzee wa Riyadh.”

“Utaikata?”

Haidar akatazama zulia. “N'taikata.”

“Na mie n'tembelee nini? Ulimi?”

“Ulimi wako, mama, ungekufikisha Makka bila ya basi,” alisema Muna, mkewe Haidar, kutoka mlangoni. Bi Mashavu akamkata jicho la mapenzi.

Hakuna aliyecheka sana, maana wote watatu waliijua hesabu ya siku. Kafili wa Haidar, Msaudi aliyemdhamini kazini, alikuwa amekufa, Mungu amrehemu, na wanawe walitaka ile karakana ya vipini vya majambia iwe duka la simu. Ikama, kibali chao cha kukaa nchini, ilikuwa imebakiza siku kumi na tisa. Bila kafili mpya, Haidar atatoka nchini, na mkewe na mama yake watatoka naye. Watatoka kwenda wapi? Tanzania, ambayo pasipoti yake alikuwa nayo kama mtu anavyokuwa na ufunguo wa nyumba ya jirani. Haidar alizaliwa Jeddah. Ana miaka hamsini, na hajawahi kukanyaga pengine.

Ndipo akatokea Abu Nayef wa Riyadh, mzee mwenye kupenda silaha za kale, na jozi yake ya bastola za miaka mia mbili zisizopiga tena. Kila mpini ulikuwa na vibao viwili vya pembe ya ndovu, kimoja kila upande. Vibao vinne kwa jumla, na kimoja kilipotea. “Nitimizie jozi,” alimwambia Haidar kwenye simu, “nami nitakuweka chini ya jina langu. Utafanya kazi kwangu. Halas.”

Jino jipya la ndovu Abu Nayef hakutaka hata kulisikia, maana serikali haina mchezo na hilo. Alitaka la zamani, lililokuja kabla ya sheria, na mwenyewe ajulikane. Katika Jeddah yote Haidar alijua moja tu, nalo lilikuwa limelala mapajani mwa mama yake.

Bi Mashavu aliisugua kofia ile ya fedha kwa kidole gumba. “Tutabaki?” aliuliza.

“Inshallah tutabaki.”

“Basi chukua. Lakini usimtese.”

Haidar alidhani mama amekosea kusema. Aliifunga bakora ndani ya kanga na hakuuliza.

Kazi ya pembe haifanyiki Jeddah ikapelekwa Riyadh. Hilo Haidar alijifunza kwa kuaibika. Jeddah hewa yake mbichi, shati halikauki mgongoni. Riyadh kavu mpaka midomo inapasuka. Na pembe hunywa hewa ya pale ilipo. Miaka sita nyuma alimtengenezea mtu kipini cha jambia, kikakaa sawasawa, hata unywele haupiti. Wiki tatu za Riyadh kikanywea, ukawa unaweza kupitisha ukucha. Mwenye jambia alimrudishia kwa posta na hakuandika hata salamu. Tangu siku ile, kazi ya Riyadh Haidar huifuata hukohuko Riyadh.

Akapata kitanda Al-Murabba, chumba cha watu saba, na kila asubuhi akawa anakwenda nyumbani kwa Abu Nayef. Mzee alikuwa ametajirikia maghala ya Al-Sulay na sasa alikuwa amestaafu na vitu vyake. Alimwonyesha Haidar zile bastola kwa sauti ya chini, kama anayemwonyesha mtoto aliyelala. Kisha akampa meza katika stoo ya uani, kati ya mashine ya kufulia na magunia ya mchele. Wageni wa nyumba ile walinywa kahawa kwenye vifinjani. Fundi mwenye miaka thelathini kazini aliletewa chai kwenye kikombe cha karatasi. Akainywa, akashukuru.

Aliyemletea alikuwa Lydia, mfanyakazi wa ndani, Mkenya wa Sagalla karibu na Voi. Siku ya pili alimsikia Haidar akihesabu milimita kwa sauti.

“Kumbe unaongea Kiswahili! Na si ungesema! Since jana nakuongelesha na Kiarabu yangu ya kuokota.”

“Hukuniuliza, mwanangu.”

“Sasa hiyo stick unaifanyia nini, uncle?”

“Hii pembe. Inakwenda kwenye bastola ya bosi wako.”

Lydia akaacha kukunja mashuka. “Pembe ya ndovu? Ngai! Huko kwetu ukishikwa na hiyo unafungwa mpaka wajukuu wako wazeeke.”

“Hii ya zamani. Ya babu yangu.”

“Ata kama. Mimi ndovu siwapendi, usinielewe vibaya. Walikula mahindi ya mum yote, tukabaki tu kuwaangalia. Lakini mnyama mkubwa hivyo kuishia kwa bastola ya mzee? Zii.”

Haidar alitabasamu, akaitoa kofia ya fedha kwa koleo dogo. Miaka sitini haikuwa imetolewa. Akaibana bakora mezani, akasema bismillahi, akaupitisha msumeno mwembamba mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

“Nani anachoma nywele?” Lydia akauliza, akakimbilia kutazama pasi yake. Pasi ilikuwa baridi.

Haidar alikuwa ameshausimamisha msumeno. Jino la ndovu likikatwa hutoa ile harufu ya kwa daktari wa meno. Kila fundi anaijua. Hii ilikuwa ya nywele zilizoungua. Akaunusa msumeno. Akanusa vidole vyake. Akatazama pale alipokata, akitafuta zile nyuzi nyembamba zinazopishana kama ukili wa mkeka, ambazo ndovu tu anazo. Hazikuwapo. Kulikuwa na tabaka juu ya tabaka, kama ukucha. Mwisho akawasha kiberiti, akapasha sindano moto, akaigusisha. Sindano, ambayo jino la ndovu huikataa, ikazama, na harufu ikajaa stoo nzima.

Na sindano ile ndiyo iliyompa jina Jeddah, jamani. Ukileta jambia ukasema mpini wake ndovu, Haidar hapingani nawe, anapasha sindano. Aliwaumbua wafanyabiashara, aliwaumbua masharifu. Ya mama yake hakuwahi kuigusa. Nani hutia sindano ya moto neno la mama yake?

Aliketi juu ya gunia la mchele, akapiga simu nyumbani.

“Mama, hii pembe ya nini?”

“Ya baba.”

“Ya mnyama gani, mama?”

“Ya Haambiliki.”

“Haambiliki ndiye nani?”

“Weee! Humjui Haambiliki?” Sauti ya Bi Mashavu ilipanda, ikawa changa. “Ng'ombe wa baba! Ng'ombe wa mchezo. Pemba nzima ikimjua. Mweupe, pembe zake nyeupe. Akitolewa uwanjani wanawake wanaacha vyungu motoni wanakwenda kumwimbia, na wanaume wanaojidai mabingwa wanapanda miti. Hakuchinjwa yule, alikufa kwa uzee wake. Baba alilia kama kafiwa. Akaikata ncha ya pembe akaipeleka kwa fundi.”

“Mama, wewe miaka yote ulikuwa unasema pembe.”

“Ee. Na wewe umekuja ukasema pembe. Ng'ombe hana pembe? Ungetaka jino la ndovu si ungesema jino la ndovu! Ndovu Pemba atoke wapi?”

Haidar akaitazama bakora mezani. Aliyemfundisha kazi alikuwa Mzanzibari wa mjini, na kwa mafundi wale pembe ilikuwa ni ya ndovu, basi, haikuhitaji mkia. Ya ng'ombe waliiita garn kwa Kiarabu, na ilikuwa ya visu vya maskini. Tangu udogo sikio la Haidar lilikuwa likilimalizia mwenyewe neno la mama yake. Na mama yake, binti wa mkulima wa karafuu, hakujua kama kuna watu duniani wanaosema pembe wasikusudie ng'ombe.

“Ushamkata?” Bi Mashavu aliuliza.

“Nimeanza.”

“Basi malizia. Hakiachwi kitu na jeraha.”

Akamaliza. Sitamtetea, nitasema alivyofanya. Siku zilikuwa zimebaki kumi na tano, na alipompigia Muna amweleze, Muna hakumwachia amalize.

“Mwambie aji,” alisema. Aji ndiyo ya ndovu kwa Kiarabu. “Neno moja tu, Haidar. Tukishapata ikama, Mungu atatusamehe na mzee hatajua.”

“Na ikijipinda? Riyadh kavu hii. Pembe ya ng'ombe haikai.”

“Ijipinde baada ya ikama. Mimi Tanzania hata sijui iko upande gani wa dirisha.”

Akaichemsha pembe mpaka ikalainika, akainyoosha kati ya vibao viwili vya chuma. Akaikata kwa umbo la kile kilichopotea, akaipiga tupa, kisha msasa, kisha chaki na mafuta. Akailaza katika chai ya rangi siku mbili, akiitoa kila saa kuilinganisha na ndugu zake watatu. Mwisho akachukua sindano ileile ya kuumbulia watu, akaitumia kuchora vijistari ambavyo ng'ombe hakupewa na Mola wake. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na alijua hawezi kumwonyesha mtu.

Akamwonyesha Lydia. Akavipanga vibao vinne juu ya taulo, akamwambia achague kipya.

“Hiki.”

“Sicho.”

“Basi hiki.”

“Sicho.”

“Ai, uncle, wewe ni mchawi!” Lydia akacheka, kisha akaacha. “Na baba wa hii nyumba akikuuliza ni ya nini, utamwambia aje?”

“N'tamwambia pembe.”

“Kwa Kiarabu?”

Haidar akavikusanya vibao. Kiswahili kingemsitiri. Kiarabu hakina pembe ya kujifichia. Ama useme aji, ama useme garn.

Abu Nayef aliita wageni baada ya sala ya alasiri, wazee watatu wenye mitandio iliyopigwa pasi kama karatasi. Haidar akaambiwa aingie majlisi, aketi. Lydia alimmiminia kahawa kwenye kifinjani kama wenzake, akamkonyeza kwa siri. Kando ya buli ilikuwapo simu ya mzee, ombi la kumhamisha Haidar limeshajazwa na mwanawe, limebaki kubonyezwa tu. Abu Nayef alikuwa amemwonyesha mlangoni. “Wakishaona,” alisema, “nabonyeza mbele yao.”

Bastola zikazunguka mkono kwa mkono. Wazee wakavaa miwani. Wakageuza, wakakwaruza, wakainua kwenye mwanga wa dirisha. Hakuna aliyejua kipya ni kipi.

“Aji,” alisema Abu Nayef, na furaha ilikuwa imempandisha sauti. “Ya Zanzibari! Babu yake huyu fundi alikuwa mtu wa ikulu ya masultani. Ndovu aliuawa kwa ajili yao, jino likabaki mikononi mwake.”

Haidar hakuwa amemwambia hayo. Aliyasikia kama habari za mtu mwingine.

“Mashallah,” alisema mgeni mmoja. “Kwa hiyo ndovu huyu ni wa kifalme.”

“Fundi, waambie,” alisema Abu Nayef. “Aji au si aji?”

Wallahi alitaka kusema aji. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Alikwisha kuiona ikama mpya, akamwona Muna akiitundika tena picha aliyoishusha ukutani. Lakini pale pale aliiona na ile ngazi ya bomba ya kutembelea, yenye miguu minne, ambayo Muna alimwambia kwa simu amemnunulia mama duka la dawa badala ya bakora, mama anaisukuma barazani na kuitukana. Na akamwona babu yake amekaa uani amemlilia ng'ombe, na sasa mzee huyu amempeleka ikulu, na ng'ombe amegeuzwa ndovu. Kicheko kilimjia bila ya ruhusa.

“Babu yangu alikuwa mkulima wa karafuu,” alisema. “Na hii si aji, baba. Ni garn. Ni ya ng'ombe mmoja mweupe. Jina lake Haambiliki.”

Yule mgeni wa ndovu wa kifalme akapasuka kicheko mpaka mtandio ukamwangukia puani. “Abu Nayef! Umeivika bastola ng'ombe!” Mwingine akalia moo. Wakapigana magoti, wazee wazima.

Abu Nayef hakucheka. Aliiweka bastola chini, akafuta vidole kwa tishu, kimoja kimoja.

“Ungeniambia peke yangu,” alisema.

Na hilo lilikuwa kweli. Haidar alikuwa amejiandaa kwa matusi. Kwa ukweli hakuwa amejiandaa, nao ukamwingia. Siku kumi alikuwa akishinda nyumbani kwa mzee huyu, na ukweli alikwenda kuutoa mbele ya watu.

“Nisamehe, baba.”

“Kitoe.”

Akakitoa palepale, wageni wakitazama. Parafujo moja ikamponyoka ikaingia chini ya mito, naye akapiga magoti, akaitafuta kwa vidole huku wazee wakiinua miguu yao kumpisha. Lydia aliweka sinia chini akamsaidia. Walipoiona, Abu Nayef alikuwa ameshaigeuza simu, uso chini.

Uani Lydia alimfungia tupa zake katika kanga. “Uncle, si ungenyamaza tu?”

“Nilitaka.”

“Mimi ningesema ndovu. Ningesema ata dinosaur.” Akajifuta macho kwa mkono wa gauni. “Sasa unaenda?”

“Nyumbani.”

“Jeddah ama huko kwenyu?”

Haidar alichukua mzigo wake, akamwombea heri, na swali akaliacha pale kwenye magunia.

Muna hakumsemesha siku mbili. Alikuwa akifunga sahani katika magazeti, na kila sahani ikipigwa kuliko inavyostahiki. Siku ya tatu alisema. “Wenzio huuza nyumba kwa pesa, weye umeiuza kwa jina la ng'ombe.” Kisha akakaa juu ya sanduku akalia, na Haidar akakaa chini karibu ya miguu yake, kwa sababu hakutaka kuwa mbali. Baada ya muda mrefu Muna aliweka mkono kichwani pake. Hakuuondoa, na hakusema kama amemsamehe.

Siku ya mwisho ya karakana Haidar alikirudisha kile kibao mahali kilipokatwa, akakigundisha, akakipigilia misumari mitatu midogo ya fedha. Akakirudisha kichwa kwenye fimbo na kofia nchani. Akampelekea mama yake.

Bi Mashavu alifumba macho, akapitisha kidole gumba taratibu mpaka kikagota kwenye mshono. Akafumbua.

“Hapa umemtia rangi.”

“Chai, mama.”

“Haambiliki hakuwa akinywa chai.” Lakini alikuwa anatabasamu. “Lini?”

“Jumanne. Mpaka Dar, kisha Unguja, kisha tutavuka Pemba. Binamu yako amesema kipo chumba.”

“Sikudhani kama nitarudi.” Aliisugua kofia ya fedha. “Sikudhani kabisa.”

“Wewe unarudi, mama,” alisema Haidar. Hakukusudia isikike kwa uchungu, lakini ilisikika. “Mimi nakwenda tu. Huko sikujui. Hata nikiteremka sijui nielekee wapi.”

Bi Mashavu alimtazama mwanawe, mvi zake, mikono yake iliyochubuka. Huyu ndiye aliyezaliwa hospitali ya Jeddah, akasema kalima yake ya kwanza kwa Kiarabu, na yeye mama yake akawa anaudhika. Aliisukuma ngazi ya bomba kwa mguu, ikaenda ikagonga ukuta. Akasimama peke yake, magoti yakilia, akaichukua bakora akaitia kiganjani mwa Haidar, akamkunja vidole juu ya pembe.

“Basi mshike huyu,” alisema. “Yeye anaijua njia.”

Kisha akamshika mwanawe bega, wakatoka polepole kwenda jikoni kumsaidia Muna na zile sahani.